Dokta, nikipasuliwa matiti nitarudi lini kubeba zege?

Swali: Dokta shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, nipo Morogoro, kazi yangu ni saidia fundi kwenye ujenzi. Tangu nikiwa kidato cha kwanza matiti yangu yalianza kuvimba na mpaka leo hayajarudi. Sivui fulana mbele za watu hata tukiwa tunamwaga zege juani. Nimepiga pushapu, nimepaka dawa za kuchua, nimepungua mwili, lakini maziwa yapo palepale. Hospitali wameniambia dawa yake ni upasuaji. Naogopa. Nitaumwa kiasi gani, nitalazwa siku ngapi, kovu litakuwaje, na yanaweza kurudi tena? Nitarudi lini kazini, na tajiri wangu nimwambie nini? Nataka kuoa mwakani na mchumba wangu bado hajui.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu najua kuna vijana wengi wanaovaa fulana mbili kwenye joto la mchana kwa sababu hiyohiyo na hawajawahi kumwambia mtu.

Wavulana wengi huvimba matiti wakati wa kubalehe, karibu nusu yao au hata zaidi, kwa sababu kipindi kile homoni za mwili huwa hazijapata mizani. Kila mwanaume ana tezi ndogo ya ziwa nyuma ya chuchu, na homoni ya kike, estrojeni, ikiizidi nguvu ile ya kiume, testosteroni, kwa muda, tezi hiyo hukua. Kwa wengi hunywea yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache haiondoki, na ikishapita mwaka hivi, nyama yake laini hugeuka kuwa nyuzi ngumu. Ikifika hapo hakuna kidonge wala mafuta ya kupaka yatakayoiyeyusha. Vidonge vya kupunguza tezi vipo, na madaktari huvitumia kwa mtu ambaye titi lake ndiyo kwanza linavimba na linauma. Wewe una miaka kumi nayo. Waliokuambia upasuaji wamekuambia kweli.

Pushapu zako hazikushindwa kwa uvivu wako. Msuli wa kifua uko nyuma ya tezi. Ukiukuza, unaisukuma tezi mbele, na titi linaonekana zaidi. Kijana anayekonda huku titi limebaki mara nyingi hudhani mwili wake una laana fulani, kumbe kilichopungua ni mafuta na tezi haihusiani na mafuta. Jipime mwenyewe: lala chali, weka kidole gumba upande mmoja wa titi na cha shahada upande wa pili, uvilete taratibu kuelekea kwenye chuchu. Kama kuna tezi, kabla vidole havijakutana utagusa kitu kigumu chenye kunesa kama kipande cha mpira, kipo katikati kabisa chini ya chuchu na kinasogea. Kama vidole vinafika mpaka kwenye chuchu bila kugonga kitu, hayo ni mafuta matupu, na habari yake ni nyingine.

Sasa kabla hujapanda kitanda cha upasuaji, nataka uhakikishe umechunguzwa. Nalisisitiza hili kuliko yote kwa sababu wako wanaopasuliwa haraka, chanzo kikabaki ndani. Daktari anapaswa kukuuliza dawa zote unazotumia, pamoja na zile ulizozitaja kwa mkato. Efavirenzi, dawa ya ARV iliyotumika sana Afrika Mashariki kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake, inajulikana kuvimbisha matiti ya wanaume. Spironolaktoni ya presha na moyo pia. Simetidini ya vidonda vya tumbo, ketokonazoli ya fangasi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na zile sindano za kujaza misuli zinazouzwa kwenye jimu, zote zimo. (Ila usiache dawa yoyote kwa kusoma hapa, peleka orodha kwa daktari, yeye ndiye ataibadilisha.) Pombe nyingi na ugonjwa wa ini, ikiwemo ini lililoharibiwa na homa ya ini B, nayo huleta hali hii, na figo zilizochoka vilevile.

Kisha akupime korodani kwa mkono. Usione haya. Kuna uvimbe wa korodani ambao dalili yake ya kwanza huwa ni titi kuvimba, na kijana anayekataa kupimwa kwa aibu anaweza kuupita bila kujua. Damu hupimwa homoni, ini, figo na tezi ya shingo, na mara nyingine ultrasaundi ya titi na ya korodani huongezwa. Kwa mtu aliyeanza akiwa na miaka kumi na minne, mara nyingi majibu hutoka safi, lakini ni lazima yatoke kwanza. Saratani ya matiti kwa wanaume ipo, ingawa ni chini ya asilimia 1 ya saratani zote za matiti. Ikiwa uvimbe upo upande mmoja tu, uko pembeni badala ya katikati, ni mgumu usiosogea, chuchu imevutwa ndani au inatoa damu, hapo uende hospitali wiki hiihii.

Upasuaji wenyewe una historia ndefu. Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 7, aliandika jinsi ya kuyapasua matiti ya wanaume. Njia tunayoitumia sana leo, ya kuchana nusu duara kwenye ukingo wa ule weusi unaozunguka chuchu, ilielezwa na Jerome Webster wa Marekani mwaka 1946. Uzuri wake ni kwamba kovu linajificha pale ngozi nyeusi ya chuchu inapokutana na ngozi ya kifua.

Siku yenyewe itakuwa hivi. Utaambiwa usile chochote kwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji, na maji matupu utaacha zikibaki saa mbili. Daktari atakuchora kifuani kwa kalamu ukiwa umesimama, kwa kuwa ukilala titi hutawanyika na mipaka yake hupotea. Utapewa nusu kaputi, ingawa kwa uvimbe mdogo ganzi na dawa ya kutuliza hutosha. Chini ya ngozi ya kifua watakudunga maji ya chumvi yaliyochanganywa na ganzi na adrenalini, ambayo hubana mishipa ili damu isitoke nyingi. Mafuta ya pembeni hunyonywa kwa mrija mwembamba. Kisha tezi hukatwa na kutolewa kupitia ule mchano mdogo: kipande cheupe, kigumu, kimezungukwa na mafuta ya njano. Wagonjwa wengi wakionyeshwa hushangaa kwamba kitu kidogo vile ndicho kilichowanyima raha miaka yote.

Daktari mzuri haikombi yote. Huacha kipande chembamba chini ya chuchu, kwani akikikomba chote, chuchu huzama na kifua hubonyea shimo ambalo kulirekebisha baadaye ni kazi kubwa. Kwa hiyo ukipapasa na kuhisi kuna kitu kimebaki, kimeachwa kwa makusudi. Kazi nzima huchukua saa moja mpaka mbili. Wengine huruhusiwa jioni ileile, wengine hulala usiku mmoja. Kama unakaa mbali na hospitali, omba kulala.

Maumivu sasa. Ukiamka utahisi kifua kimebanwa na kinawaka, zaidi ukikohoa au ukijiinua kwa mikono. Siku mbili tatu za kwanza ndizo nzito, na parasetamoli pamoja na dawa utakazoandikiwa huyatuliza kwa wengi. Aspirini usiiguse, hata wiki moja au mbili kabla ya upasuaji, na dawa za aina ya diklofenaki na ibuprofeni usizimeze bila idhini ya daktari wako, maana huongeza kutoka damu. Sigara uache mwezi mmoja kabla. Nikotini hubana mishipa midogo inayolisha chuchu, na chuchu isiyopata damu inaweza kufa.

Unaweza kuwekewa mpira mwembamba kila upande wa kutoa majimaji, unaoingia kwenye kichupa. Siku ya kwanza utaona damu nyekundu, kesho yake rangi inapauka, kisha inakuwa ya manjano mepesi na kiasi kinapungua. Hapo mpira hutolewa. Unavutwa, unahisi mteremko wa ajabu chini ya ngozi, umekwisha. Ninachotaka ukishike hapa ni dalili moja ya hatari. Katika saa 48 za kwanza, upande mmoja ukivimba ghafla kuliko mwingine, ukakaza, maumivu yakapanda badala ya kushuka, au kichupa kikajaa damu mbichi, rudi hospitali muda huohuo, hata kama ni saa tisa usiku. Hiyo ni damu inayokusanyika ndani. Ikitolewa mapema, kwa kawaida hakuna kitakachoharibika. Ikisubiri asubuhi, inaweza kuiua ngozi. Na siku za baadaye, homa, wekundu unaotambaa, usaha au harufu ni dalili za kidonda kuingiwa na vijidudu. Usisubiri siku ya kliniki.

Fulana ya kubana utaivaa usiku na mchana kwa wiki nne mpaka sita, uitoe wakati wa kuoga tu. Kwa joto la Morogoro itakuchosha. Uwe nazo mbili, moja mwilini moja kwenye kamba, na ndani vaa singlendi nyembamba ya pamba iliyonyooka bila mkunjo, kwa sababu mkunjo ukikandamizwa wiki nzima huchora alama kwenye ngozi. Kama fulana yenyewe haipatikani, daktari anaweza kukufunga kwa bandeji pana ya kuvutika, ila hiyo hulegea na lazima mtu wa nyumbani afundishwe kuifunga upya. Lala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito. Tembea tangu siku ya kwanza, damu ya miguuni isigande.

Sasa nifike mahali ambapo wagonjwa wangu wengi huvunjika moyo. Bandeji inafunguliwa kama wiki moja baadaye, kijana anakimbilia kioo, na anachokiona ni kifua kilichovimba, chenye mabaka meusi ya damu iliyovilia, upande mmoja mkubwa kuliko mwingine, chuchu imekunjamana. Wako wanaouliza kama kweli kuna kitu kimetolewa. Wengine hulia, na nawaelewa, wamekingoja kioo kile tangu utotoni. Kifua unachokiona wiki ya kwanza si chako bado. Ule ni uvimbe wa jeraha, umejaza pale tezi ilipokuwa. Utaanza kuona umbo ukingoni mwa mwezi wa pili, na umbo la kudumu huja kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Usijipige picha kila siku. Jipige mara moja kwa mwezi, mahali palepale na mwanga uleule, utaiona tofauti ambayo kioo cha kila asubuhi kinakuficha.

Wiki ya tatu au ya nne utakutana na jambo lingine: ugumu chini ya chuchu, pengine vinundu. Kijana anashtuka, "Dokta, yamerudi!" Hayajarudi. Ni kovu la ndani linalojijenga, na hulainika taratibu kwa miezi. Daktari atakuambia lini uanze kulikanda kwa vidole. Chuchu nazo zinaweza kufa ganzi, kisha zikaanza kuchomachoma au kuwasha. Neva zinaamka. Kwa wengi hisia hurudi baada ya miezi kadhaa, kwa wachache hubaki pungufu, na hili uambiwe kabla hujaweka sahihi.

Kuhusu kazi yako, nitakuwa mkali. Nilimpasua kijana mmoja wa bodaboda, ameniruhusu nisimulie. Kifua kilikuwa kinapona vizuri, mpira ulishatolewa, maumivu hana. Kabla wiki ya pili haijaisha akarudi barabarani, kwa kuwa marejesho ya pikipiki hayasubiri. Zile tetemesho za barabara ya vumbi na kule kukaza mikono kwenye usukani viliuchokonoa mfuko wa ndani, pale tezi ilipotolewa, uliokuwa ndio kwanza unafunga. Maji yakajaa upande wa kushoto, ukigusa yanachezacheza. Ilibidi aje kliniki mara kwa mara nimvute maji kwa sindano, na kubanwa kwake kukarefuka. Alipona, kifua chake kipo sawa leo, lakini alipoteza siku nyingi za kazi kuliko zile alizokuwa anazikwepa.

Wewe unabeba zege na mifuko ya saruji ya kilo 50. Mtu wa ofisini anaweza kurudi kwenye kiti chake baada ya wiki moja. Wewe hesabu wiki sita bila kubeba, bila koleo, bila kusukuma toroli, kisha uanze na mizigo midogo na kupandisha taratibu wiki mbili zinazofuata. Wiki mbili tatu za mwanzo usiinue mikono juu ya mabega. Hata kwenye daladala, ukikosa siti, shuka usubiri nyingine; kusimama umeshika bomba la juu huku gari linafunga breki ni kuzivuta nyuzi zako. Ndiyo maana nakushauri usiweke tarehe ya upasuaji mpaka uwe na akiba ya chakula na kodi ya miezi miwili. Najua ni neno gumu kwa mtu wa kibarua. Lakini umesubiri miaka kumi, na hii si dharura. Mwezi au miwili ya kujipanga haitadhuru kitu kama vipimo vyako ni safi.

Kovu. Ngozi nyeusi ina tabia ya kutengeneza keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mpaka wa jeraha, na kifua ni moja ya sehemu zinazoipenda. Ukingo wa chuchu kwa kawaida hupona vizuri kuliko katikati ya kifua, lakini jiangalie: kovu lako la chanjo ya BCG lipoje? Kama lilivimba likavuka mpaka wake, au ndugu zako wana keloidi za masikio, mwambie daktari kabla. Haimaanishi hutapasuliwa. Inamaanisha atakufuatilia kwa karibu na kukuwekea mapema plasta za silikoni au sindano za triamsinoloni, dawa ya kusinyaza kovu, likianza kuinuka. Hata lisipoinuka, litakuwa jeusi miezi ya mwanzo na kuendelea kufifia mpaka mwaka na zaidi. Lifunike na jua mwaka mzima. Najua utatamani kuvua fulana saiti siku ya kwanza ukirudi. Vumilia, jua litaliunguza kovu na kuliacha jeusi.

Umeuliza kama yanaweza kurudi. Tezi ikishatolewa, kwa kawaida hairudi. Ile sehemu iliyoachwa inaweza kukua tena kama chanzo kinaendelea: sindano za misuli, pombe, dawa fulani, au homoni ambazo hazikupimwa. Ukinenepa sana, mafuta yatarudi kifuani kama yanavyorudi tumboni.

Kwa mahali pa kwenda, hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando ndiko pa kuuliza kwanza, na pia madaktari bingwa wa upasuaji wa hospitali za mikoa hufanya kazi hii kwa uvimbe wa kawaida. Hakikisha anayekupasua amesajiliwa na Baraza la Madaktari. Muulize amewahi kuwafanyia wangapi, akuonyeshe picha za watu wenye ngozi kama yako, na nani atapokea simu usiku ukivuja damu. Muulize pia kama nyama itakayotolewa itapelekwa maabara. Ipelekwe, hata kama inaonekana ya kawaida, na hayo majibu uyafuate mwenyewe. Kama una bima, pata kibali cha maandishi kabla, kwa sababu mara nyingi upasuaji huu huhesabiwa wa urembo mpaka daktari aandike kwamba una maumivu au uvimbe unaohitaji uchunguzi.

Kuhusu ndoa, upasuaji huu hauguzi korodani wala nguvu zako, na hauzuii kupata mtoto. Mchumba wako nakushauri umwambie kabla, tena mapema. Utahitaji mtu wa kukufunga fulana mgongoni na kukubebea ndoo ya maji ya kuoga. Na mkifunga ndoa ndani ya miezi mitatu ya upasuaji ataona makovu mapya yakiwa kwenye hali yake mbaya zaidi, ni vizuri awe anajua ni ya nini.

Na tajiri wako huna haja ya kumpa hadithi. Mwombe daktari akuandikie cheti cha mapumziko cha wiki sita, kisomeke kwamba umefanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe kifuani na hutakiwi kunyanyua mzigo. Ni kweli tupu, na hakuna fundi atakayekuuliza zaidi ya hapo. Mpe kabla hujaondoka, ili apate mtu wa kushika nafasi yako na wewe ukirudi uikute.